Mwanahistoria aliyepanda matatu, na sisi tuliobaki stejini

Juma lililopita nilikuwa steji ya Ruiru asubuhi nikitafuta gari la kwenda Thika. Makanga mmoja, kijana wa umri wa wajukuu wangu, alinishika mkono: "Guka, ingia hapa, bado mmoja tu!" Niliingia. Nilipohesabu viti, niliona tumebakisha sita. Hakuna abiria wa barabara hii asiyejua kwamba makanga akisema "bado mmoja" hajahesabu mtu yeyote; anaita tu. Lakini nilipokuwa nimekaa pale, nikisubiri hao sita watimie, swali moja lilinijia: ni tangu lini makanga wanasema hivi? Walikuwa wakisema nini kabla ya hapo, wakati gari lilikuwa Peugeot ya watu saba na nauli ilikuwa senti? Na ni nani aliyeyaandika?

Mpenzi msomaji, katika ukumbi huu nimezoea kukuletea ngeli, fasiri na ushairi. Leo niruhusu nizungumzie mwanahistoria. Anaitwa Kenda Mutongi, Mkenya aliyekulia magharibi mwa nchi, ambaye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo cha Williams, jimbo la Massachusetts, kisha akahamia MIT, huko huko Marekani. Amejenga kazi yake yote juu ya mambo ambayo wanahistoria wengi walikuwa wakiyapita bila kuyatazama: manung'uniko ya wajane, barua za mapenzi za vijana, na matatu. Nataka kuipima kazi hiyo kwa jicho la mtu wa lugha, kwa sababu naamini sisi watu wa Kiswahili tuna deni nayo. Mimi binafsi nina deni kubwa zaidi, nitaeleza baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu fani yenyewe. Historia tuliyosomeshwa shuleni ilikuwa ya magavana, vita, mikataba na vyama. Historia ya jamii huuliza maswali ya jikoni na ya barabarani. Watu walikula nini? Walilipana vipi? Mjane alimwendea nani alipodhulumiwa shamba? Kijana aliposhuka mjini mara ya kwanza, alilala wapi? Huko Uingereza, E. P. Thompson alichapisha mwaka 1963 kitabu chake kikubwa kuhusu kuundwa kwa tabaka la wafanyakazi, akawapa nafasi wafumaji na mafundi waliokuwa wamesahauliwa. Sisi nasi hatukuwa mikono mitupu. Miaka 60 kabla yake, mwaka 1903, kulichapishwa huko Göttingen kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mtoro alieleza kwa Kiswahili jinsi watu wa pwani walivyozaa, walivyooa, walivyokopeshana na walivyozikana. Kwa hiyo lugha yetu iliwahi kuyabeba maisha ya kila siku katika nathari ya kitaalamu. Swali ni kwa nini ililitua furushi hilo.

Nikitaka kuwaonyesha wanafunzi tofauti kati ya kukumbuka na kuandika historia, huanzia hapa hapa Thika. Mji huu unajulikana duniani kwa sababu ya kitabu kimoja cha Elspeth Huxley, *The Flame Trees of Thika*, kilichotoka mwaka 1959 na kufanywa kipindi cha televisheni mwaka 1981. Huxley alikuwa mtoto mdogo wazazi wake walipokuja kuanzisha shamba la kahawa karibu na Thika, muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ana kalamu nzuri, sitamnyima hilo. Harufu ya vumbi, sauti za usiku, mawazo ya mtoto, yote yamo. Lakini aliyaona maisha hayo kutoka barazani. Mwafrika huingia katika picha akibeba maji, akilima, au akizua kisa cha kuchekesha, kisha anatoka. Nyumbani kwake hatufiki. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Thika ya Huxley ina kitanda kizuri, ila kunguni hawamo.

Sasa mtazame Mutongi. Kitabu chake cha kwanza, *Worries of the Heart*, kilitoka mwaka 2007 na kinahusu wajane wa Maragoli katika karne ya 20. Jina lake limetokana na usemi wa Kilogooli, *kehenda mwoyo*, yaani mahangaiko ya moyo. Mtu asiye makini angeupita usemi huo akadhani ni kilio tu cha mama aliyefiwa. Mutongi aliusikiliza zaidi. Aligundua kwamba mjane alipoyatangaza mahangaiko ya moyo wake mbele ya watu, alikuwa akifanya kazi fulani kwa maneno yake. Alikuwa anawakumbusha wanaume wa ukoo, wazee wa kanisa na machifu kwamba mwanamume kamili hamwachi mjane alale njaa. Akishatamka hivyo hadharani, mwanamume aliyekaa kimya ameaibika. Baada ya uhuru, anaonyesha Mutongi, wajane hao hao walianza kuizungumzia serikali mpya kwa lugha ya haki na uraia, kwa kuwa sasa kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Ninaposoma hoja hiyo, mimi mwanaisimu nainua mikono. Katika darasa la pragmatiki huwa tunafundisha kwamba kusema ni kutenda, kisha tunatoa mifano ya hakimu anayehukumu na kasisi anayefungisha ndoa. Mutongi ametupatia mfano wa mama mwenye kikapu, asiye na cheo wala kalamu, ambaye neno lake lilimwinua mkwe wake kutoka kitini. Na ametupatia kwa ushahidi wa miongo mingi, si kwa sentensi tatu za kubuni za kitabu cha isimu.

Kati ya makala zake nyingine, nataka kutaja moja ya mwaka 2000 kuhusu safu ya ushauri ya "Dear Dolly" katika jarida la *Drum*, ambako vijana wa miaka ya 1960 na 1970 waliandika kuomba ushauri wa mapenzi. Wasomi wangapi wangediriki kukaa maktabani wakisoma barua za wavulana walioachwa na wasichana? Tungecheka. Mutongi hakucheka, na kwa sababu hakucheka ameweza kutuambia kizazi cha wazazi wetu kiliona nini kuwa heshima, aibu na usasa. Hapo ndipo ninapoiona tabia yake kama mtafiti: anachagua kile ambacho wenye vyeo wamekiita upuuzi, kisha anakiuliza maswali mazito.

Tabia hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye matatu. Mwaka 2006 alichapisha makala katika jarida la *Africa* akiuliza kama wahudumu wa matatu ni majambazi au wajasiriamali. Miaka 11 baadaye, 2017, kikatoka kitabu kizima, *Matatu: A History of Popular Transportation in Nairobi*, kupitia Chuo Kikuu cha Chicago. Ameyachota maisha hayo kutoka kwenye mahojiano, magazeti na barua za wasomaji waliokuwa wakilalamika kwa wahariri. Nyaraka za serikali zinatuambia sheria ilisema nini; barua za abiria zinatuambia nani alikanyagwa mguu.

Kwa wasomaji vijana, nipe muhtasari. Tangu mwaka 1934 Nairobi ilikuwa na kampuni ya mabasi iliyopewa kibali cha kubeba watu wa jiji. Mabasi hayo hayakufika kwa watu wengi wa hali ya chini, na hasa baada ya uhuru watu walipomiminika mjini. Wenye magari makuukuu wakaanza kubeba abiria bila leseni, wakikimbizana na polisi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba magari hayo yaruhusiwe kufanya kazi bila leseni zile za uchukuzi wa umma. Kuanzia hapo biashara ikakua. Serikali ya Rais Moi ilipoanzisha mabasi ya Nyayo mwaka 1986, matatu hazikufa. Mwaka 2004 zilipoanza kutekelezwa kanuni za Waziri John Michuki, za mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano na sare za wahudumu, matatu ziligoma, zikalia, kisha zikafunga mikanda na kuendelea. Hoja kuu ya Mutongi ni kwamba hii ni biashara iliyoota katika udongo wetu bila msaada wa wafadhili wala mpango wa wataalamu wa kigeni, na kwamba ukiitazama vizuri utaiona Kenya nzima imo ndani: ubunifu wake, ulaghai wake, siasa zake na hofu zake.

Hoja hiyo naikubali. Lakini tuje kwenye neno lenyewe, maana hapa ndipo mtu wa lugha ana la kuongeza.

Simulizi inayokubalika na wengi ni kwamba jina "matatu" limetokana na Gikuyu, *mang'otore matatu*, sarafu tatu za senti kumi, ambazo ndizo zilizokuwa nauli. Tazama sarufi inavyofanya kazi hapo. Katika Gikuyu, *ma-* ni upatanisho wa wingi. *Matatu* ni kivumishi cha idadi kinachozifuata sarafu kama mbwa anavyomfuata mwenyewe. Watu wakazidondosha sarafu, kivumishi kikabaki peke yake, kikageuka nomino. Kiswahili kikaipokea nomino hiyo na kuitia katika ngeli ya I-ZI: matatu hii imejaa, matatu hizi zimegoma. Ndipo tunaposema bila kushtuka "matatu moja" na "matatu mbili". Mgeni anayejua kuhesabu tu angedhani tumerukwa na akili! Kisha vijana wa Sheng wakalishika neno hilo hilo, wakaiacha *ma* palepale, wakaitafsiri *tatu* kwa Kiingereza, wakapata *mathree*. Bila kujua, walikuwa wamerudi kwenye hesabu ya zile sarafu ambazo wao wenyewe hawakuwahi kuzishika.

Hiyo ni historia ya jamii ndani ya neno moja. Ndani yake mna nauli, mna sarafu ambayo haipo tena, mna Mgikuyu aliyeuza kiti, mna Mswahili aliyekinunua, na mna mtoto wa Eastlands aliyesoma Kiingereza shuleni. Mwanahistoria anahitaji mwanaisimu amsaidie kuyatoa hayo yote. Na mwanaisimu bila mwanahistoria atabaki kuandika ubaoni "ngeli ya I-ZI" na kupangusa.

Neno jingine ni *manamba*. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, manamba walikuwa vibarua walioajiriwa kwa mkataba na kuletwa kutoka mbali, wakijulikana kwa namba zao. Kwetu Kenya, manamba ni yule anayeita abiria stejini. Wapo wanaosema aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akiita namba za njia: 45 Githurai, 145 Ruiru, 237 Thika. Huenda. Lakini Thika nayo ni nchi ya mkonge na nanasi, nchi ya vibarua waliopangwa mistari asubuhi na kuhesabiwa. Nani ameketi na wazee wa Makuyu na wa Makongeni akawauliza neno hilo walilisikia wapi kwanza, shambani au stejini? Hilo ni swali la wiki mbili kwa mwanafunzi mwenye daftari na nauli.

Hapa ndipo ninapoanza kumdai Mutongi, kwa heshima zote.

Dai langu la kwanza ni la mahali. Kitabu chake kimejifunga Nairobi, na jina lake halifichi hilo. Kwa mtu wa Ruiru, matatu si chombo cha Nairobi peke yake. Ndicho kilichouzaa mji wake. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na viwanda vikaja baadaye. Miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha Leyland hapa Thika kilichounganisha malori na mabasi. Kwa upande wake, Ruiru ilijulikana kwa kahawa. Mkulima wa Nyeri au wa Kisii anaijua *Ruiru 11*, mbegu iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, hata kama hajawahi kukanyaga Ruiru. Leo sensa ya 2019 inaiweka Ruiru mbele ya Thika kwa idadi ya watu. Waliifanyaje? Hawakuja kwa kahawa. Walikuja kwa sababu mtu angeweza kulala Kihunguro au Kimbo na kufika kazini Nairobi saa mbili, na kilichomfikisha ni matatu. Panapojengwa Tatu City palikuwa na mikahawa. Historia ya matatu inayoishia kwenye mipaka ya jiji inatupatia kichwa bila shingo.

Dai la pili ni la mizani. Mutongi anawaona wahudumu wa matatu pande zote mbili. Haiondoi damu wala magenge. Hata hivyo, ninapofunga kitabu, anayebaki akisimama kifua mbele ni mjasiriamali. Ninaelewa sababu. Wasomi wengi walikuwa wamezoea kumwona Mwafrika mjini kama mhanga au mhalifu, na yeye alitaka kuwatoa huko. Lakini mwenye gari na anayening'inia mlangoni si mtu mmoja. Sikiliza msamiati wao. Mwenye gari hulala akijua hesabu yake ya siku imefika. Dereva na makanga wanagawana kilichobaki baada ya mafuta, hesabu, steji na yale ya kando ya barabara. Na chini yao yupo *squad*, anayepewa gari kwa saa mbili tatu ili wenyewe wale chakula, naye akaambulia chochote. Neno moja la "ujasiriamali" likiwafunika wote hao, watatu wanalala katika blanketi moja na miguu ya wawili iko nje. Mbugua wa Mungai wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliyeandika mwaka 2013 kitabu *Nairobi's Matatu Men*, anakaribia zaidi sauti ya hao wa chini, labda kwa sababu ni mtu wa fasihi simulizi na amezoea kusikiliza mzaha kama ushahidi. Vitabu hivi viwili vinafaa kusomwa pamoja.

Dai la tatu ndilo zito, na sitalielekeza kwa Mutongi peke yake. Watu waliohojiwa walisema kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa Gikuyu. Sisi tunawasoma kwa Kiingereza. Katika historia ya siasa hasara hiyo ni ndogo. Mkataba ukitafsiriwa hubaki mkataba. Katika historia ya maisha ya kawaida, maneno ndiyo vyombo vya nyumbani. Ukiyabadilisha yote, umehamisha familia bila vitu vyake. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake waliouza huduma Nairobi wakati wa ukoloni, aliliona hilo. Aliyaweka maneno *watembezi*, *malaya* na *wazi-wazi* kama wenyewe walivyoyatumia, kwa sababu kila moja lilitaja namna tofauti ya kufanya kazi na mahali tofauti pa kuifanyia. Angeyaunganisha yote katika neno moja la Kiingereza, kitabu kingekufa. Hata Mutongi mwenyewe, katika kitabu cha wajane, alijua kwamba *kehenda mwoyo* haliwezi kubadilishwa bila kwanza kutajwa. Ningependa ujasiri huo uwe umeenea zaidi katika *Matatu*.

Lakini tusimlaumu mpishi kwa chumvi ambayo sisi ndio tuliokataa kumpa. Kama kungekuwa na kamusi ya tarehe za maneno ya matatu, angeitumia. Kama kungekuwa na mahojiano yaliyonakiliwa kwa Kiswahili cha wasemaji wenyewe, yangekuwa kwenye maktaba zetu. Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga walitupatia kamusi ya Sheng mwaka 2003. Chege Githiora akatupatia mwaka 2018 kitabu kinachoitazama Sheng kama aina ya Kiswahili cha Kenya. Zaidi ya hao, idara zetu zilikuwa wapi? Nitasema mimi nilikuwa wapi.

Mwaka 1996 nilikuwa mhadhiri mchanga. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili, kijana wa Thika, alinijia ofisini na pendekezo la tasnifu. Alitaka kukusanya majina ya steji kati ya Githurai na Thika, na lugha ya makanga na madereva wa njia hiyo. Alikuwa na mjomba wake aliyeendesha gari la abiria barabara hiyo tangu enzi za Peugeot 404, na alikuwa ameshaanza kumwandika kwenye daftari. Nililisoma pendekezo lake kwa dakika kumi. Nikamwambia, nakumbuka maneno yenyewe: "Hii si isimu, bwana. Hii ni kelele za stejini." Nikamshauri achambue viambishi vya wakati katika riwaya fulani. Alifanya hivyo kwa utii, akafuzu, na tasnifu yake iko rafuni hadi leo. Sidhani kuna mtu ameifungua tangu tulipoisaini.

Tulikutana mwaka uliopita katika mazishi huko Ngoingwa. Sasa ni mwalimu mkuu, ana mvi kuniliko. Nilikuwa nimekwisha kumsoma Mutongi, na aibu ilikuwa imenikaa kooni, kwa hiyo nikamuuliza kuhusu mjomba.

"Alienda zamani, Mwalimu. Mwaka wa elfu mbili na moja."

"Na lile daftari?"

Alifikiri kidogo. "Tulihama mara tatu, Mwalimu. Sijui liliachwa wapi."

Hakusema zaidi, wala hakunilaumu. Aliniletea kiti. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikihesabu kilichokuwa ndani ya daftari lile. Mjomba yule alijua abiria wa mwaka 1965 waliitwaje na makanga. Alijua walipopatana bei, walisema nini. Alijua steji ilipata jina kwa mti gani, kwa duka la Mhindi gani, kwa ajali gani. Baadaye barabara ile ilichimbwa yote, ikapanuliwa, na Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012 ikiwa barabara kuu ya takriban kilomita 50, sehemu nyingine zina njia nane. Ni barabara nzuri. Naitumia na naishukuru. Lakini mti uking'olewa, jina la steji hubaki likielea hewani, na mtoto anayelitamka leo hajui anataja nini. Mjomba angejua. Mimi ndiye niliyemzuia mtu aliyekuwa tayari kumuuliza.

Ndiyo maana nasema kazi ya Mutongi ni zaidi ya historia ya magari. Alifanya kwa matatu kile nilichokataza kifanywe, na ameonyesha kwamba kelele za stejini zinaweza kubeba hoja ya kitabu kizima, na kitabu hicho kusomwa duniani. Tabitha Kanogo alikwisha kutuonyesha mwaka 1987, alipoandika kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa, kwamba ukitaka kuelewa Mau Mau lazima uelewe ng'ombe wa skwota walichukuliwa vipi na shamba lake lilipunguzwa vipi. Kubwa huanzia dogo. Sisi wa idara za Kiswahili tulikuwa na lugha ya hao wadogo mikononi, tukaiita chafu, tukaipeleka dobi.

Basi tufanye nini? Sipendi makala zinazoishia kwa "serikali iingilie kati". Nina mambo matatu ambayo hayahitaji serikali.

Kwanza, kila mwanafunzi wa fasihi simulizi kati ya Githurai na Thika apewe kazi ya kumhoji mtu mmoja aliyezidi miaka 70 kuhusu safari moja tu: siku yake ya kwanza kupanda gari la kwenda Nairobi. Nauli ilikuwa ngapi, alikaa wapi, aliambiwa nini, alibeba nini. Anakili maneno kama yalivyotamkwa, kwa lugha iliyotumika, bila kuyasafisha. Tumewatuma watoto wetu miaka mingi wakakusanye vitendawili na methali ambavyo tayari viko vitabuni. Watumwe mahali ambapo hakuna kitabu.

Pili, maneno ya matatu yaandikwe pamoja na umri wake. Kamusi zetu hutuambia neno lina maana gani, lakini hazituambii lilianza kusikika lini wala lilikufa lini. Abiria wa leo hajui *mang'otore*. Wa kesho hatajua *squad*. Neno bila tarehe ni kama picha ya arusi isiyo na majina nyuma.

Tatu, tuandike kwa Kiswahili. Nasubiri kitabu kuhusu maisha ya Thika, si ya barazani, bali ya Makongeni na Kiandutu, ya akina mama waliochambua kahawa na waliopakia mananasi, kitakachoandikwa kwa lugha ambayo hao akina mama wanaweza kusomewa na wajukuu wao jioni. Hapo tutakuwa tumelirudia furushi la Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Kuhusu Mutongi mwenyewe, msomaji asinielewe vibaya. Madai yangu matatu ni ya mtu aliyekula akashiba na bado anataka chai. Tafuta *Matatu*. Kisome polepole, na ikiwezekana kisome ukiwa ndani ya gari, palipo na muziki na jasho. Kisha muulize dereva wako, akiwa mtu mzima, kazi hii aliianza lini na barabarani kulikuwa na nini.

Mimi nilimuuliza yule wa Ruiru, tulipokuwa bado tunasubiri wale sita. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, kofia imemfunika macho. Akacheka, akaniambia alianza kama manamba mwaka 1983, hapo hapo, wakati nyuma ya steji palikuwa kahawa tupu. "Tulikuwa tunaita vingine kabisa, Prof." Makanga akapiga bodi ya gari mara mbili, tukaondoka, na upepo ukameza jibu lake. Nilishuka Thika nikiwa na namba yake ya simu. Jumamosi hii, Mungu akipenda, narudi na daftari.